Naitroksi na Mlima wa Kurudi Dodoma

Kunywa maji nusu chupa ukiwa Dodoma, funga kizibo barabara, kisha panda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Ukiteremka stesheni utaikuta chupa imebonyea mbavu kana kwamba mtu ameiminya mkononi. Fanya kinyume chake: nunua pakiti ya krispi Kariakoo asubuhi, uifikishe Dodoma mchana, nayo itakuwa imetuna kama puto. Hakuna aliyeichezea chupa wala pakiti. Ni hewa tu. Dodoma iko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake, kwa lile neno tulilofundishwa shuleni, ni kama asilimia 88 ya ile ya Forodhani au Feri.

Naanza na chupa kwa sababu habari za naitroksi kwa kawaida husimuliwa na watu wanaoishi pwani, wakiwasimulia watu watakaolala pwani. Sisi wa uwanda wa kati hatumo katika mazungumzo hayo. Lakini tangu serikali ihamie Dodoma, wako watu wengi waliozaliwa Tanga, Unguja, Mtwara na Mafia ambao sasa kazi zao ziko Mtumba, na sikukuu zikifika hushuka kwao. Baadhi yao wanazamia kwa mitungi. Mimi ni mmoja wao. Kwetu sisi mzamo hauishi unapopanda botini na kuvua mapezi. Unaisha umeshalala kitandani kwako Kisasa au Area C, na kipande cha mwisho cha mzamo huo ni mlima.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Naitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Naitroksi ya wazamiaji wa starehe huwa na oksijeni asilimia 32 au 36, na kozi ya kawaida haimvushi mtu zaidi ya 40. Namba hizo mbili zilitoka NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, ambako Morgan Wells alizitungia taratibu katika miaka ya 1970. Dick Rutkowski, naye mtu wa NOAA, akaanzisha mwaka 1985 chama cha kuwafundisha raia wa kawaida. Ubishi ulikuwa mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapo waliotaka naitroksi ifungiwe mlango hata kwenye maonyesho ya biashara ya uzamiaji. Leo kozi yake ni ya siku moja au mbili, na vituo kadhaa vya Unguja vinaifundisha.

Neno moja kabla ya kuendelea. Wengi wetu tukimwona mzamiaji husema amebeba mtungi wa oksijeni. Hapana. Amebeba hewa iliyoshindiliwa, au naitroksi. Oksijeni tupu huvuka kikomo cha juu kabisa cha usalama ukipita mita 6 tu chini ya maji. Si suala la kusahihishana lugha: anayeamini kwamba oksijeni zaidi ni uhai zaidi tayari amekosea jambo la msingi kuliko yote katika somo hili.

Faida ya naitroksi iko upande wa naitrojeni. Ukishuka, mgandamizo, ndiyo ile kanieneo, huongezeka kwa kiasi cha kanieneo moja nzima ya hewa ya usawa wa bahari kila mita 10, na naitrojeni unayoivuta huyeyuka katika damu, mafuta na maungio. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka, au ukiwa umebeba nyingi mno, inatoka kwa mapovu humohumo mwilini, na hapo ndipo huja maumivu ya bega na kiwiko, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Naitroksi ina naitrojeni pungufu, basi mzigo nao ni pungufu.

Chukua mita 30, kina ambacho ukuta wa nje wa miamba ya Mnemba, Unguja, unakupa bila shida. Kwa hewa ya kawaida, jedwali la PADI, shirika la kufundisha uzamiaji, linakuruhusu kukaa dakika 20. Kwa naitroksi ya 32 unafanya hesabu hii: kina ongeza 10, zidisha kwa 0.68, gawanya kwa 0.79, toa 10. Unapata mita 24.4. Yaani kwa upande wa naitrojeni, mwili uliopo mita 30 unaona uko mita 24 na ushee. Ukisoma mstari wa mita 25 unapata dakika 29.

Dakika tisa za nyongeza. Hapa ndipo ninapowaona watu wakijidanganya, na mimi nimewahi kuwa miongoni mwao. Dakika hizo unaweza kuzila chini, ukitazama kasa. Au unaweza kuziacha, ukapanda dakika ya 20 kama ungekuwa na hewa ya kawaida, na zile tisa zikabaki kuwa akiba ya mwili. Ukizila zote, umepanda na mzigo uleule wa naitrojeni kama mwenzako wa hewa aliyemaliza dakika zake 20. Naitroksi imekupa muda, haikukupa usalama. Ukiziacha, imekupa usalama, haikukupa muda. Lakini tunaziona dakika tisa, tunazila, kisha jioni tunasema tulikuwa salama zaidi kwa kuwa tulizamia kwa naitroksi.

Gharama ya faida hiyo ni oksijeni yenyewe. Chini ya mgandamizo mkubwa inageuka sumu ya ubongo, jambo ambalo Mfaransa Paul Bert alilieleza tangu 1878. Kipimo chake ni rahisi: kadiri ya oksijeni mtungini zidisha kwa mgandamizo wa kina ulichopo. Wazamiaji wa starehe husimama kwenye 1.4; ile 1.6 ni ukingo wa dharura, si mahali pa kutembelea. Kwa 1.4, mtungi wa 32 unakomea mita 33, na mtungi wa 36 unakomea mita 28. Tazama vizuri: kadiri oksijeni inavyozidi, ndivyo sakafu inavyopanda juu. Naitroksi haimpeleki mtu chini zaidi, inamzuia.

Ukivuka, kinachokuja ni degedege. Neno hilo kila aliyelea mtoto mwenye homa kali analijua, na sura yake ni ileile: mwili unakakamaa, meno yanaumana, fahamu zinapotea. Kitandani degedege hupita. Chini ya maji mdomo unaachia kifaa cha kupumulia, na kinachoua ni maji. Dalili zinazotajwa darasani ni macho kuona kama yanachungulia bombani, mvumo masikioni, kichefuchefu, midomo kuchezacheza, hasira zisizo na sababu, kizunguzungu. Zisiaminiwe kupita kiasi, maana degedege linaweza kuja bila hata moja. Kenneth Donald, aliyewapima wazamiaji wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aligundua kwamba mtu yuleyule, katika kina kilekile, leo angestahimili kwa muda mrefu na kesho akashindwa mapema. Ndiyo maana hoja ya "mimi nilishafika mita 40 na mtungi wa 32, sikuona kitu" haina uzito wowote. Ulifika siku yako njema.

Zanzibar ina mizoga miwili ya meli inayolifundisha jambo hili kuliko mchoro wa darasani. Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, imelala kwenye mita kama 40. Mwenye mtungi wa 32 akiigusa amegusa 1.6 kamili. Mzoga wa Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama 1902, uko mita 12 hivi, na huko jedwali la hewa ya kawaida linakupa dakika 147, muda ambao mtungi wako utakwisha mara mbili. Kwenye meli ya kwanza naitroksi ni hatari. Kwenye ya pili haikusaidii jambo kubwa. Mahali pake hasa ni katikati, mita 18 hadi 30, mizamo miwili au mitatu kwa siku, siku kadhaa mfululizo. Huko inafaa kweli, nami sizamii tena Mnemba bila hiyo nikiipata.

Yote haya yanasimama juu ya namba moja iliyoandikwa kwenye utepe wa karatasi shingoni mwa mtungi. Namba ikiwa ya uongo, hesabu zote ni za uongo, na uongo unaweza kuelekea pande mbili. Umeambiwa ni 32 kumbe ni 40: ukifika mita 33 uko 1.72, ndani kabisa ya eneo la degedege. Umeambiwa ni 32 kumbe ni hewa tupu: unakaa mita 30 dakika zako 29 kwa utulivu, na umepita kikomo kwa dakika tisa bila kompyuta yako ya kuzamia kupiga hata kengele moja, maana kompyuta inaamini ulichoiambia. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya naitroksi, na kwangu mimi ndiyo nusu ya sheria zote, ni kwamba anayepumua mtungi ndiye anayeupima, kwa mkono wake, kabla ya boti kuondoka. Si mwalimu, si kijana wa kompresa, hata kama mmefahamiana miaka kumi.

Niliwahi kununua kipimaoksijeni changu mwenyewe ili nisimtegemee mtu. Usiku wa kuamkia safari nilikaa mezani Dodoma, nikakiwasha, nikakiacha kivute hewa ya chumbani, nikakiseti kwenye 20.9 kama maelekezo yanavyotaka. Kesho yake kaskazini ya Unguja, chini ya banda la makuti, nikafungua vali ya mtungi kidogo, ule mlio mwembamba wa hewa ukaanza, nikasogeza kichwa cha kipima. Namba zikapanda, zikatulia kwenye 36 na kitu. Kijana aliyeujaza alisema ni 32. Nilianza kumtilia shaka yeye. Bahati njema mzamiaji mzee aliyekuwa pembeni akaniuliza, "Umekiseti wapi?" Akaniambia nikielekeze kwenye upepo wa bahari tu. Kikasoma karibu 24. Hewa ya Mungu, asilimia 24.

Kihisio kilichomo humo hakihesabu asilimia. Kinahisi msukumo wa oksijeni, na asilimia ni tafsiri. Nilikifundisha kwamba msukumo hafifu wa Dodoma ndio unaoitwa 20.9, kwa hiyo kila kitu cha pwani kikaonekana kimezidi. Kama ningeiandika ile 36 kwenye kompyuta, ingenihesabia naitrojeni pungufu kuliko niliyoibeba kweli, mzamo baada ya mzamo, siku nne. Kosa hili halimo katika kitabu chochote cha kozi nilichosomea, kwa sababu wanaoviandika hawasafiri kutoka uwandani. Kiseti kipima palepale unapopimia, hewa ya palepale, kila asubuhi. Kisha andika kwenye utepe asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina lako, na uiingize asilimia hiyohiyo kwenye kompyuta kabla hujavaa.

Upande wa wajazaji sina mengi. Oksijeni nyingi na grisi ni moto, ndiyo maana mitungi inayojazwa kwa kutanguliza oksijeni tupu lazima iwe imesafishwa kwa kazi hiyo, na vivyo hivyo kifaa chochote kitakachopitisha zaidi ya asilimia 40. Ukimkuta mtu anapaka mafuta vali ili isikwame, kazamie kwingine. Na zile sifa nyingine zinazotembea mdomoni, kwamba naitroksi inaondoa ulevi wa kina, kwamba mtungi unadumu zaidi, hazina msingi. Kuhusu uchovu, wengi huapa kwamba hawachoki, nami nahisi hivyo baadhi ya siku. Lakini watafiti wa Australia waliwazamisha watu kwenye chemba kavu kwa kina cha mita 18, kwa hewa na kwa naitroksi, wakachapisha mwaka 2003 kwamba hawakuona tofauti ya uchovu inayopimika.

Sasa mlima. DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji ulioanzishwa Marekani mwaka 1980, uliwakusanya wataalamu mwaka 2002, wakakubaliana muda wa kusubiri kabla ya kupaa baada ya kuzamia: saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, saa 18 baada ya mizamo mingi au siku nyingi, na zaidi sana ya 18 kwa aliyelazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni. Watu husikia "kuruka na ndege" na kuishia hapo. Lakini mwongozo unataja urefu unaolingana na mgandamizo wa ndani ya ndege, futi 2,000 hadi 8,000, yaani mita 610 hadi 2,440. Mwili haujui kama umeketi Airbus au umesimama uwanja wa Nyerere Square. Dodoma, mita 1,120, imo ndani ya mabano hayo. Kwa barabara unayaingia kabla hujafika Gairo. Kwa reli unayaingia baada ya Kilosa, mahandaki yakishaanza na treni ikipanda.

Zamani jiografia ilitulinda bila sisi kujua. Aliyemaliza kuzamia Mnemba mchana akavuka kwa boti ya alasiri kwa kawaida alilala Dar, akapanda basi alfajiri, na alipofika Gairo ule usiku mmoja ulikuwa umeshafanya kazi yake. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma kwa muda usiofika saa nne. Ni jambo la kujivunia, nami naipanda kwa furaha. Lakini hebu hesabu: mzamo wa pili wa Jumapili unaisha saa sita mchana, boti ya alasiri, treni ya jioni, na kufikia Kilosa zimepita saa tisa au kumi. Kwa mtu aliyezamia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mwongozo unasema 18. Treni imeula usiku wetu wa Dar.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Jedwali la jeshi la majini la Marekani halitoi saa moja kwa wote, linapima urefu wa mlima na uzito wa mizamo yako, na kwa mwinuko wa chini kama wetu mara nyingi linaruhusu kusubiri kufupi kuliko 18. Mtu anaweza kusema Dodoma si mita 2,440. Kweli. Ila mzamiaji wa jeshi ana msimamizi anayeandika kila dakika yake, mimi nina kumbukumbu na furaha ya likizo. Na ndege ikishatua, mgandamizo unarudi. Dodoma haitui. Ukifika na mapovu madogo unabaki nayo hapo juu, Jumatatu yote ofisini.

Naitroksi inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Nimesikia mara nyingi, tena kwa watu makini: "Mimi nilitumia naitroksi, naweza kupanda mapema." Miongozo ya 2002 ilitungwa kwa mizamo ya hewa ya kawaida. Aliyekula dakika zake zote za naitroksi amepanda na mzigo wa mtu wa hewa, kama tulivyoona, hivyo hana punguzo la kudai. Aliyeziacha zile dakika tisa ana mzigo mwepesi, na huo ni wa kushukuru, si wa kuutumia mara ya pili kwa kununulia tiketi ya jioni. Kwa wanaotoka Mafia au Pemba kwa ndege ndogo zisizo na mgandamizo wa ndani, saa zinahesabiwa hadi kwenye ndege hiyo, si hadi Dodoma.

Na ikitokea? Mara nyingi itatokea usiku, au kesho yake, na itajifanya kitu kingine: bega lililolaliwa vibaya kwenye kiti, uchovu wa safari, vidole vilivyokufa ganzi. Aliyezamia ndani ya siku mbili zilizopita asijitibu kwa dawa ya maumivu na usingizi. Alale chali, apewe oksijeni asilimia mia kwa barakoa inayoziba vizuri, apelekwe hospitali, na ipigwe simu ya dharura ya DAN, namba ambayo inapaswa kuwa kwenye simu yako kabla hujanunua tiketi, pamoja na jina la chemba ya tiba ya mgandamizo inayofanya kazi mwezi huo. Mlangoni aseme sentensi moja hata kabla ya kuulizwa jina: "Nilizamia baharini kwa mtungi jana." Daktari wa uwandani ameona malaria na ajali za bodaboda maelfu. Huu ugonjwa huenda hajauona, na bila sentensi hiyo hana sababu ya kuufikiria.

Siku hizi napanga likizo nikianzia mwisho. Mzamo wa mwisho ni Jumamosi asubuhi, Jumapili asubuhi naenda sokoni Darajani kununua viungo vya mama mkwe, boti ya mchana, treni ya jioni. Na kwenye utepe wa mtungi wa mwisho, chini ya asilimia, kina na tarehe pamoja na jina langu, naongeza mstari mmoja kwa kalamu nzito ambao wenyeji wa pale banda la makuti wameshauzoea: "Kilosa, si kabla ya Jumapili saa 12 asubuhi."